Bakteria wa Vinundu Hutambuliwa kwa Mafuta Yao



Wengi wetu, mikarafuu ingali michanga, hupanda kunde, choroko au mbaazi baina ya miche. Wazee walituusia kwamba mimea hiyo huirudishia ardhi nguvu, na usia wao ni wa kweli. Ukiuchimbua mkunde taratibu utaona vinundu katika mizizi yake. Ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea nao huwalipa kwa sukari. Mwaka 1888 Bwana Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria hao na kuwaotesha peke yao.

Lakini si kila bakteria anafaa kwa kila mmea. Yule apendaye kunde siye apendaye maharagwe. Basi yafaa tujue wataalamu huwatofautishaje, maana kwa darubini wote ni vijiti vidogo vilivyofanana.

Njia mojawapo ni kupima asidi za mafuta zilizomo katika ngozi ya bakteria. Kazi hiyo hufanywa hivi:

1. Bakteria huoteshwa katika chakula kimoja, joto moja na kwa muda uleule. Sharti hili ni kubwa, kwani bakteria hubadili mafuta yake kwa kufuata joto na chakula.

2. Huchemshwa kwa soda kali, kama sabuni ipikwavyo, ili mafuta yaachane na mwili.

3. Hutiwa spiriti ya methanoli pamoja na asidi, ili mafuta yaweze kugeuka mvuke.

4. Mvuke hupitishwa katika mashine iitwayo kromatografu ya gesi. Kila asidi hutoka kwa wakati wake, na mashine huandika kiasi chake.

Mashine ya namna hii si ngeni katika biashara yetu. Ndiyo ipimayo mafuta ya karafuu na ya makonyo, kujua yana eugenoli kiasi gani.

Sasa tutoe mfano. Kwa miaka mingi bakteria wa soya walihesabiwa kuwa aina moja, Bradyrhizobium japonicum. Mwaka 1988 Bwana Kuykendall na wenzake, huko Marekani, walipima mafuta yao wakakuta makundi mawili. Kundi la kwanza, asidi yenye kaboni 18 na kiungo maradufu kimoja ilikuwa kama asilimia 81 ya mafuta yote. Kundi la pili, asidi hiyo ilikuwa kama asilimia 62 tu, na takriban robo ya mafuta ilikuwa asidi nyingine yenye kaboni 19, ambayo katika kundi la kwanza ni haba mno. Urithi wao, yaani DNA, nao ulitoa ushahidi uleule. Mwaka 1992 kundi la pili likapewa jina lake, Bradyrhizobium elkanii.

Je, faida ya jina ni nini kwa mkulima? Ni kubwa. Baadhi ya bakteria wa kundi hilo la pili hutoa sumu iitwayo rizobitoksini, ambayo huyafanya majani machanga ya soya kuwa ya manjano. Mkulima huona vinundu tele akafurahi, kumbe mgeni wake anamdhuru. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo mafuta peke yake hayamalizi shauri. Aina zilizo karibu sana kwa ukoo huweza kufanana mafuta, na kwa hiyo siku hizi DNA ndiyo hakimu, na mafuta ni shahidi wake.

Sisi shambani hatuna mashine hiyo, lakini kisu tunacho. Mikunde ianzapo kutoa maua, chimbueni michache na mpasue vinundu. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hawafanyi. Msihesabu wingi wa vinundu tu.

Na mwanachama akinunua bakteria wa pakiti, asome kwanza wametengenezwa kwa mmea gani. Wa soya wasitiwe katika maharagwe. Pakiti isiachwe juani, kwa kuwa waliomo ni viumbe hai. Mbegu zichanganywe kivulini na kupandwa siku ileile. Asiyefanya hivyo atakuwa amenunua vumbi kwa fedha yake.