Mawe ya Ukutani
Wapendwa, tufungue Yoshua 4. Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto, yakasimamishwa Gilgali, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wasimulie.

Korido ya nyumba yaweza kufanya kazi hiyo. Kwetu tumetundika picha ya harusi, ya ile nyumba yetu ya kwanza ya mabati, na ya binti yetu tuliyemzika. Wageni wengine husema hiyo ya mwisho tuitoe. Haitoki! Mawe yale hayakuokotwa ukingoni. Yalitolewa pale ambapo maji yangewameza. Kitindamimba wetu hakumwona dada yake. Akiuliza, "Huyu ni nani?" tunamtajia jina, na jinsi Mungu alivyotuvusha.

Mpendwa, wiki hii tundika picha moja ya mahali ulipovushwa. Iweke chini kidogo, mtoto aione. Amina.