Kupima Kabla ya Kusadiki: Somo la Mzunguko katika Lugha ya BASIC

Mtoto wa shule ya msingi humwamini mwalimu wake. Imani hiyo ni amana, nayo huweza kuharibiwa hata na mwalimu mwenye nia njema, pale anapofundisha kama kanuni jambo ambalo hajalipima. Katika makala haya tunaeleza somo moja la kompyuta tulilolifundisha chuoni, kosa tulilolifanya, na utaratibu ambao mwanachuo anaweza kuufuata atakapopata darasa lake.

Maana ya mzunguko

Lugha ya BASIC ilitungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasio wa sayansi waweze kutumia kompyuta. Katika miaka ya 1980 lugha hiyo ilikuwamo ndani ya kompyuta nyingi ndogo, zikiwamo Commodore 64 na BBC Micro. Siku hizi ziko programu zinazoziiga kompyuta hizo, kwa hiyo somo hili halihitaji mtambo wa zamani.

Mzunguko ni kundi la amri linalorudiwa. Katika kompyuta hizo, BASIC husoma amri na kuitekeleza papo hapo. Ikirudi kwenye mstari uleule, huusoma upya kana kwamba haijapata kuuona. Kwa hiyo uzito mdogo wa mstari mmoja, ukirudiwa mara 1000, huonekana. Haba na haba hujaza kibaba.

Kosa letu

Kigeu ni jina linalobeba namba. Jina hilo likifuatwa na alama ya %, kigeu hubeba namba kamili tu. Sisi tuliandika ubaoni kwamba namba kamili ni nyepesi kuliko desimali, na kwamba kutia alama ya % huharakisha programu. Wanachuo wakanakili. Mmoja wao akanyosha mkono, akauliza kwa adabu kama tulikuwa tumepima. Hatukuwa tumepima. Tukamwita mbele, akaandika programu hii kwa Commodore 64 ya kuigwa:

10 B=7: C=5: A=0
20 T=TI
30 FOR K=1 TO 1000
40 A=B+C
50 NEXT K
60 PRINT (TI-T)/60

TI ni saa ya ndani ya kompyuta hiyo, nayo huhesabu kwa sehemu ya 60 ya sekunde. Kisha akaweka B%, C% na A% mahali pa B, C na A, akaendesha tena. Programu yenye % ilichukua muda mrefu zaidi. Darasa likanyamaza, likitutazama.

Utaratibu wa kupima

1. Badili jambo moja tu. Ukibadili mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

2. Rudia mara nyingi. Kutekeleza mstari wa 40 mara moja ni kazi fupi mno kwa saa ya TI; mara 1000 hupimika.

3. Pima mzunguko mtupu. Futa mstari wa 40, kisha endesha. Tuseme mzunguko mtupu umetumia sekunde 2, na wenye kazi sekunde 5: kazi ya mstari wa 40 ni sekunde 3, wala si 5.

4. Pima mara tatu na kuandika matokeo yote, hata yasiyopendeza.

Kutafuta sababu

Baada ya kupima ndipo sababu huulizwa. BASIC ya Commodore 64 hufanya hesabu zake kwa namba za desimali. Ikikuta kigeu chenye %, huigeuza namba hiyo iwe ya desimali, hujumlisha, kisha hugeuza jibu kuwa namba kamili. Alama tuliyoisifu iliongeza kazi.

Je, kanuni yetu ilikuwa uongo mtupu? La. Katika BBC Micro, ambako saa huitwa TIME na huhesabu kwa sehemu ya 100 ya sekunde, BASIC ina njia ya pekee ya kujumlisha namba kamili, na huko alama ya % huharakisha kweli. Kanuni ilikuwa sahihi mahali pamoja, nasi tukaifundisha kila mahali.

Mbele ya darasa

Mwanachuo, swali la namna ile litakufika. Usilizime kwa ukali, wala usimsifu muulizaji kisha ukaendelea kana kwamba hakuuliza. Mwite mbele apime, nawe usahihishe ubao mbele ya wote. Sisi tulifuta sentensi yetu, tukaandika nyingine iliyotaja jina la kompyuta. Tangu siku hiyo maswali ya darasa lile yaliongezeka.

Mazoezi

(a) Katika mstari wa 50, andika NEXT bila K. Muda umebadilikaje?

(b) Katika mstari wa 40, andika A=7+5. Je, ni rahisi kwa kompyuta kuisoma namba iliyoandikwa, au kukitafuta kigeu?

(c) Rudia yote katika BBC BASIC, ukitumia TIME na kugawanya kwa 100.

Kwa kila zoezi, andika kwanza unachokitarajia, kisha pima. Majibu hatukuyatoa, kwa makusudi.