Kutafuta Sauti Mbaya Katika Klarineti



Jioni moja hapa Rusimbi kijana wetu alipiga klarineti, nayo ikalia kama bata. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amekuwa mvivu wa kujifunza. Akainama, wala hakujibu neno. Siku ya pili mzee mmoja ajuaye vyombo aliikagua, akaona kitakia cha kifuniko kimoja kimepasuka ngozi. Kosa halikuwa la kijana. Ilinipasa kumwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia. Tangu siku hiyo natafuta kwanza, ndipo naseme. Njia yenyewe ni hii.

Kwanza, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mawili pamoja, hutajua lipi lililoleta ubaya. Futa kinywa cha chombo, umpe mpigaji mwingine. Sauti mbaya ikibaki, yamkini imo katika chombo; ikiondoka, tazama midomo, vidole na pumzi ya yule wa kwanza. Tena pigeni nje ya nyumba, kwa maana pengine kitetemekacho ni bati la paa au kioo cha dirisha.

Pili, uliza: je, ubaya umo katika noti zote, au katika moja? Ukiwa katika zote, anza na ulimi, yaani kile kipande chembamba cha tete kilichofungwa kwenye kinywa. Ukiwa umepasuka ncha au umepindika, weka mwingine. Ukiwa katika noti moja au mbili, tazama tundu lake na kifuniko chake.

Tatu, sikiliza namna ya sauti. Ikitokota kama sufuria, ni maji. Mvuke wa pumzi hugeuka maji ukigusa mti ulio baridi. Tarumbeta ina tundu la kutolea maji, lakini klarineti haina. Maji hukaa katika matundu ya vidole na vifuniko. Tia karatasi nyembamba chini ya kitakia, ukifunge, karatasi iyanywe; kisha pitisha kitambaa kikavu ndani ya chombo. Ikilia ghafula kama yowe, kidole hakikuziba tundu vema, au kitakia kinavuja. Ikigongagonga, tafuta skrubu iliyolegea au kipande cha kizibo kilichobanduka chini ya kifuniko.

Nne, pima kuvuja. Tenga kipande cha juu, ziba matundu yake kwa vidole, na mwisho wa chini kwa kiganja, kisha vuta pumzi. Kikiwa kizima, utaona pumzi imeshikwa ndani kwa muda kidogo. Kikivuja, weka ukanda wa karatasi nyembamba chini ya kila kitakia, ukifunge, uuvute polepole pande zote. Pale ukanda utokapo bila kushikwa, ndipo pavujapo.

Tano, kagua mti. Klarineti nyingi njema huchongwa kwa mpingo, mti uotao kwetu Kilwa na Lindi, ambao hupelekwa Ulaya na kuturudia ukiwa chombo. Ni mti mgumu sana, lakini ukiachwa juani au ukitolewa katika baridi na kupigwa kwa nguvu mara moja, waweza kupasuka. Ufa ulio mwembamba kama unywele waweza kupitisha pumzi. Usiutie gundi mwenyewe, mpelekee fundi.

Basi, ndugu, kitakia ni kitu kidogo, na mwenye ufundi hukibadili kwa muda mfupi. Lakini kijana aliyeaibishwa mbele ya watu hatengenezwi upesi hivyo. Yule wetu alirudi kupiga, nami nashukuru, maana angaliweza kutorudi. Kabla ya kumlaumu mpigaji, kijaribuni kwanza chombo chake.