Dondoo muhimu: Kusafisha kiwanja baada ya dhoruba Uvira

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, ukabomoa nyumba na kushusha mawe na matope kutoka milimani. Dhoruba ikipita, fuata hatua hizi:

• Waya kwanza. Tawi lililoangukia waya wa umeme lisiguswe. Weka watoto mbali, waarifu SNEL, shirika la umeme.

• Jikinge. Vaa viatu vigumu na glavu. Matopeni hujificha misumari, mabati na vioo.

• Tazama juu. Tawi lililovunjika likabaki linaning'inia laweza kuanguka wakati wowote. Mwembe ulioegemea nyumba uachie fundi mwenye msumeno na kamba.

• Kata kwa utaratibu. Ondoa vitawi kwa panga, kisha ukate tawi kubwa vipande vipande. Gogo likiwa kwenye mteremko, simama upande wa juu.

• Tenga. Matawi yawe kuni, majani yawe mboji, plastiki iwekwe peke yake.

• Usitupe mtoni. Takataka zikiziba mto Mulongwe, mto Kalimabenge au mfereji wa mtaa, maji ya mvua ijayo yataingia majumbani. Fanyeni salongo, yaani kazi ya jamii, mzibue mifereji pamoja.

• Nawa kwa sabuni. Kipindupindu hurudi mara kwa mara Uvira. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.