TANKI KUBWA AO FILTRI NZURI?
Somo la mekanika juu ya kamioneti yetu



Tangu mkutano wa wazazi, watu wanasema mengi juu ya kamioneti ya shule. Wazazi walikusanya pesa kidogo ya kuitengeneza, na wengi wanataka ifungwe tanki ya pili ya mazuti, ili isikose tena mafuta njiani. Sisi wa opsio ya mekanika tuliombwa kutoa mawazo yetu. Tunasema wazi: filtri kwanza, tanki kisha. Sababu zake tunazieleza hapa, na wale wa pedagojia ambao hawajashika ufunguo hata siku moja wasiruke ukurasa huu, kwani siku ya ugonjwa wote tunabebwa na gari ile ile.

Motere ya mazuti haina buji ya kuwasha moto. Pistoni inakandamiza hewa mpaka inakuwa ndogo mara 20 hivi, na kwa kukandamizwa hivyo hewa inapata moto kupita degre 500. Ndipo enjektere inanyunyiza mazuti ndani yake, nyembamba kama ukungu wa asubuhi, na mazuti inawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyefikisha motere ya namna hiyo kutembea vizuri, kule Augsburg mwaka 1897. Lakini fikirini: ili mazuti iingie mahali penye hewa iliyokandamizwa hivyo, inafaa isukumwe kwa nguvu nyingi. Hewa mu pineu ya gari ndogo ni bar 2 hivi. Pompi ya motere ya zamani kama yetu inasukuma mazuti kupita bar 100, na motere za sasa zinapita bar 1500.

Kwa kupata nguvu ile, pistoni ndogo ya pompi inakaa ndani ya nyumba yake kwa kubanwa sana. Nafasi kati yao ni mikroni mbili ao tatu tu. Unywele wa kichwa chako una mikroni karibu 70! Na mu pompi ya aina yetu, mafuta ya motere haifiki mule. Mazuti yenyewe ndiyo inalainisha vyuma. Mazuti ikiwa na mchanga, pompi inakwaruzika. Ikiwa na maji, pompi inakosa kulainishwa, na gari ikilala na maji yale, asubuhi kutu imekwisha kuingia. Tena tone la maji likifika ku enjektere yenye moto linageuka mvuke kwa ghafula na linaweza kupasua ncha yake.

Sasa maji yanatoka wapi? Mazuti ya upande wetu inashuka meli kule Mombasa, inapita Kenya na Uganda, inaingia kwa Kasindi. Safari ni ndefu. Kutoka ku depo inaingia mu pipa za lita 200, kutoka pipa inaingia mu bido za manjano za lita 20, na bido inauzwa kando ya njia, mara nyingi na kizibo cha majani ya ndizi. Kila kumimina ni mlango mmoja wa vumbi na mvua. Pipa lenyewe likisimamishwa inje, maji ya mvua yanatulia juu yake. Mchana linapata jua na linapumua, usiku linapoa na kunyonya maji yale kupitia kizibo, hata kikiwa kimekazwa. Ndiyo maana wenye akili wanalaza pipa, na vizibo viwili vyote vikae chini ya usawa wa mafuta.

Kisha kuna maji yasiyotoka kwa mtu yeyote. Tanki ikilala nusu tupu, hewa iliyo ndani inapoa usiku, na unyevu wake unashika ukuta wa chuma kama jasho ku chupa ya baridi. Maji ni mazito kupita mazuti: lita moja ya mazuti ina gramu 840 hivi, na lita ya maji kilo moja. Basi yanashuka chini na kukaa pale. Na mahali maji na mazuti vinapokutana, vidudu vidogo sana na ukungu vinazaa, vinafanya utelezi mweusi unaoziba filtri.

Hayo si maneno ya kitabu tu. Mu mvua ya Novemba 2023 kamioneti ilizimika usiku ku mlima, na ndani mlikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye malaria ya kichwa. Watu wa kijijini, Mungu awabariki, walimbeba kwa tipoyi muda wa saa mbili mpaka hospitali. Alipona. Kesho yake mekanisie alipofungua filtri, alimimina nusu glasi ya maji na ule utelezi mweusi. Na tanki? Tanki ilikuwa na mazuti kupita nusu. Wazazi wanaosema gari ilikosa mafuta hawakuambiwa vizuri.

Tufanye hesabu. Tanki yetu ni ya lita 90. Barabara ikiwa kavu gari inakula lita 15 kwa kilomita 100, mu matope lita 20. Kwenda mjini na kurudi ni kilomita 180, maana yake lita 36 mu matope. Tanki ile ile inatosha mara mbili na inabakisha. Ni safari ya kilomita 500 tu inayoomba lita 100, na safari ya namna hiyo tunaifanya mara moja ao mbili kwa mwaka.

Tanki ya pili ya sentimita 60 kwa 40 kwa 25 inabeba lita 60. Mazuti yake ni kilo 50, sawa na saki moja ya unga. Ukifanya hesabu ya chuma chenye milimita 2, utapata kilo 15 zingine, bila kuhesabu mikanda ya kuifunga. Vyote hivyo vinatolewa ku mzigo. Na tanki kubwa yenye kulala nusu tupu inatoa jasho mingi kupita ndogo.

Hata hivyo tusiseme tanki ni mbaya. Iko na faida moja ya kweli: shofere anaweza kununua mazuti yote mjini, mahali pa kuaminika, asinunue bido ya njiani. Siku pesa itapatikana tutaitengeneza, lakini si kwa bati yenye kupakwa zenki. Zenki inayeyuka polepole mu mazuti na kwenda kushika ku enjektere. Inafaa chuma cheusi ao aluminiamu, na ndani ukuta wa katikati wenye matundu, ili mazuti isigonge huku na huku mu kona. Chini iwe na kashimo na kizibo cha kutolea maji, na tiyo ya kunyonya iishie sentimita mbili ao tatu juu ya sakafu. Tiyo ya kurudisha nayo isisahauliwe, kwani pompi inarudisha mazuti isiyotumika. Na mtu asichome kwa sudire tanki iliyokwisha kutumika! Hata ikiwa tupu, moto unaamsha mvuke wa mazuti na tanki inapasuka kama bombe.

Kwa sasa tunaomba kitu kidogo: filtri ya mbele yenye kikombe cha kuonekana ndani, ile mafundi wanaita dekantere. Inafungwa ku shasi kati ya tanki na filtri ya zamani, mbali na eshapema. Yenyewe inashika maji na uchafu mkubwa, kwa mikroni 30 hivi, na filtri ya zamani inabaki kushika uchafu mdogo. Wengine watasema tuweke mbele ile yenye matundu madogo kabisa. Hapana. Upande ule pompi inanyonya, haisukumiwi; ukiibana sana itakosa mazuti ku mlima. Tena kama kiungo cha tiyo kinavuja upande huo, hautaona mazuti chini. Hewa ndiyo inaingia, na gari inakataa kuwaka asubuhi. Kwa hiyo tiyo iwe ya mafuta, si ya kumwagilia bustani, na kola zikazwe.

Tumeona shofere wengi wanatoa kartushi, wanaipuliza kwa kompresere na kuirudisha. Karatasi yake inapasuka bila kuonekana, na tangu siku ile filtri ni kopo tu. Kartushi haioshwi, inabadilishwa. Na pipa la mazuti likifika hapa shuleni, lisimame siku nzima bila kuguswa mbele ya kunyonya, na tiyo ya pompi ya mkono isigonge chini.

Dekantere ikifungwa, wa kidato cha tano mekanika watafungua robine yake kila Jumatatu kisha ibada, mbele motere haijawashwa. Wanapokea yanayotoka mu chupa nyeupe, wanaacha yatulie dakika kumi, wanaandika mu kaye ya gari urefu wa maji yaliyo chini. Kisha wanafunga robine, wanalegeza vizi ya kutolea hewa juu ya filtri, wanapampu kwa mkono mpaka mazuti inatoka bila mapovu, wanakaza. Maji yakipita upana wa kidole kimoja, gari isiwashwe. Wamwite kwanza mwalimu wa atelie.