Zawadi Ipimwe Pamoja na Kazi Yake
Mwongozo kwa walimu wa elimu maalumu na watoa tiba ya tabia

Mtoto akiwekewa biskuti na karanga mezani, akachukua chochote bila kubagua, usiandike kwenye faili lake kwamba zawadi hizo mbili zina nguvu sawa. Jaribio hilo halikumdai chochote. Darasani zawadi hutolewa kwa kazi, na kazi hubadilisha chaguo.

Mwaka 1997, DeLeon, Iwata na wenzao walilionyesha jambo hili kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji. Zawadi ilipopatikana kwa jibu moja tu, yaani tendo moja la kazi iliyotakiwa, vyakula viwili vilipendwa karibu sawa. Majibu yaliyotakiwa yalipoongezwa, tena kwa kiwango kilekile kwa vyakula vyote viwili, kimoja kikaanza kupendelewa waziwazi. Zawadi za aina tofauti, yaani chakula na kitu cha kuchezea, hazikuachana kwa namna hiyo. Kwa hiyo uangalifu wa pekee unatakiwa pale zawadi zinapofanana.

Baada ya kujua mtoto anapenda nini, dai kazi. Anza na jibu moja, kisha mawili, matano, kumi, na kazi iwe ileile kwa kila zawadi. Andika alichochagua katika kila hatua na mahali alipoanza kulegea. Njia ya kupandisha madai hatua kwa hatua hadi mhusika aache mwenyewe ilielezwa na William Hodos mwaka 1961, akitumia panya na maziwa matamu. Kwa mtoto hatufiki huko. Akigeuza uso, akilia au akisukuma vifaa, simama hapo hapo. Wala asinyimwe mlo wake ili zawadi ipate nguvu. Huo ni ukatili, hata ukipewa jina la tiba.

Zawadi iliyostahimili kazi nyingi itunzwe kwa ajili ya stadi ngumu, kama kufunga vifungo vya shati. Ukiitoa ovyo asubuhi nzima, mchana haitamvuta. Rudia kipimo mara kwa mara, kwani mapenzi ya mtoto hubadilika.

Lililo zito zaidi ni hukumu tunazotoa. Mtoto aliyefanya vizuri kwa majibu mawili akagoma kwenye kumi huenda ameonyesha tu kwamba malipo hayatoshi. Kabla ya kuandika neno “mkaidi” katika ripoti yake, tafadhali pima upya zawadi hiyo kwa kazi ileile aliyoikataa.