Neno Fupi: Data

Soma neno hili: data. Lina silabi mbili tu, da na ta. Mwanakisomo aliyemaliza kitabu cha kwanza hulisoma bila shida. Lakini kulisoma neno ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine. Katika somo hili tutaona kwamba neno hili fupi lina maana nyingi, na kwamba asiyejua hivyo anaweza kumkosesha mwenzake msaada.

Data kwa Kiswahili

Huenda umemsikia kijana akisema, "Nimeishiwa data." Ana maana kwamba kifurushi cha intaneti katika simu yake kimekwisha. Lakini maana ya neno hili ni pana zaidi. Data ni habari zilizokusanywa, zikapimwa au kuhesabiwa, kisha zikawekwa ili zitumike.

Mtoto anapopimwa kliniki, kilo zake huandikwa kwenye kadi. Hizo ni data. Mkulima akiandika kila mwaka amevuna magunia mangapi ya mahindi, hizo pia ni data. Mwezi Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Majibu ya watu yalikuwa data. Yalipojumlishwa, ilijulikana kwamba Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120.

Na katika simu je? Sauti, picha na maandishi yanayopita katika intaneti ni data vilevile. Ukinunua kifurushi, unalipia kupitisha habari hizo.

Neno hili limetoka wapi?

Kiswahili kimelipata kutoka Kiingereza. Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Kwa Kilatini, data ni vitu vilivyotolewa.

Warumi walikuwa na desturi yao ya barua. Waliandika kwamba barua imetolewa mahali fulani, siku fulani. Polepole neno hilo la kutoa likashikamana na siku yenyewe. Ndiyo maana leo, kwa Kiitaliano na Kireno, data ni tarehe. Mtu wa Italia au Ureno akikuuliza data ya kuzaliwa kwako, anataka tarehe.

Huko India, kwa Kihindi, data ni mtoaji, yaani mtu mwenye kugawa. Wao huvuta sauti ya a wanapolitamka. Kihindi na Kilatini zina asili moja ya zamani sana. Kwa hiyo wazo la kutoa limebaki katika lugha zote mbili.

Data kwa Kirundi

Sasa turudi karibu na kwetu. Burundi imepakana na mkoa wa Kigoma. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Kwa Kirundi, data maana yake ni "baba yangu". Wewe unayesema Kiha, taja neno unalomwita baba yako. Liweke kando ya neno la Kirundi. Utasikia undugu wa lugha hizi mbili.

Angalia jambo moja. Kiswahili hutumia maneno mawili: baba yangu, baba yako, baba yake. Kirundi hutumia neno moja moja:

Data ni baba yangu.
So ni baba yako.
Se ni baba yake.

Basi ukimuuliza mtoto Mrundi, "Data yuko wapi?", kwa masikio yake unamwuliza habari za baba yako wewe! Hatajua la kukujibu.

Kutoelewana kunaweza kuleta hasara

Mwaka 1993, na tena mwaka 2015, watu wengi wa Burundi walikimbilia Tanzania kwa sababu ya vita na machafuko. Wilaya za Kibondo na Kasulu zilipokea wengi wao. Watu wa lugha mbalimbali wakakutana sokoni, visimani na katika zahanati.

Tuseme mtoto Mrundi anafika mbio dukani. Anasema, "Data ararwaye." Mwenye duka si mtu wa huku, hajui Kiha wala Kirundi. Anasikia neno moja tu, data. Anadhani mtoto anataka kifurushi cha simu. Anamwuliza, "Cha shilingi ngapi?" Watu wanacheka. Mtoto anarudia maneno yaleyale huku machozi yakimtoka. Kumbe anasema, "Baba yangu anaumwa." Dakika zinapita, na mgonjwa yuko peke yake nyumbani.

Mtu mmoja anayejua Kiha akiwa hapo, mara moja atasikia neno la ugonjwa, naye atajua la kufanya. Mtu huyo ni wa thamani kubwa siku hiyo. Usidharau lugha ya nyumbani kwako kwa sababu umejifunza kusoma Kiswahili. Zote mbili ni mali yako.

Kwa nini maneno hufanana?

Maneno hufanana kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni asili moja au kuazimana. Data ya simu na data ya Waitaliano zote zimetoka kwa Warumi.

Sababu ya pili ni bahati tu. Data ya Kirundi haikutoka kwa Warumi. Sikiliza mtoto mchanga anapoanza kutoa sauti. Husema ma-ma, ba-ba, pa-pa, da-da, ta-ta. Sauti hizi ni nyepesi kwa midomo na ulimi wake. Wazazi wa kila nchi hufurahi na kudhani wanaitwa. Hivyo sauti hizo zikawa majina ya wazazi na ndugu. Waswahili husema baba. Wakongo wengi husema papa, na kwa Waswahili papa ni samaki mkali wa baharini. Wahaya husema tata. Na katika nchi ya Georgia, kusini ya Urusi, neno mama maana yake ni baba!

Basi sauti peke yake haina maana. Maana hutokana na mapatano ya watu wanaoitumia lugha hiyo.

Mambo ya kukumbuka

1. Usimcheke mgeni kwa neno lake. Kwao ni neno la heshima.
2. Usikasirike upesi. Kwanza uliza, "Kwenu neno hili lina maana gani?"
3. Sikiliza maneno yote, si neno moja. Tazama pia uso wa msemaji.
4. Ukiona hamwelewani, tafuta haraka mtu anayejua lugha zote mbili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja maana nne za neno data.
2. Kwa Kirundi, kuna tofauti gani kati ya data, so na se? Kiha husemaje?
3. Je, katika zahanati ya karibu nawe, nani anaweza kumsaidia mgonjwa asiyejua Kiswahili?
4. Andika neno moja la Kiha linalofanana na neno la Kiswahili lakini lina maana nyingine. Msomee mwenzako.